Moshi wa Mlimani na Watoto Wanne wa Nguchiro

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama hamjala. Tena. Paukwa!

Pakawa!

Haya, hapo sawa. Zamani, zile za kale zenyewe, si za juzi, huko Bara Hindi kulikuwa na mlima. Chini ya mlima kulikuwa na msitu. Chini ya msitu kulikuwa na mto. Mlima, msitu, mto. Shikeni hivyo vitatu, maana yaliyobaki yatawachanganya, kama yalivyomchanganya Revati.

Revati alikuwa nguchiro. Mwili mrefu, miguu mifupi, na nyoka wa kawaida hamwambii kitu. Alikaa katika shimo pale msituni na watoto wake wanne, macho bado hayajafunguka. Wanne. Wiki moja nyuma walikuwa watano.

Nisikilizeni vizuri hapa. Wiki hiyo mtu alipita mbio akipiga kelele, chatu, chatu yuko njiani anakuja. Revati hakuuliza mara mbili. Akaanza kuhama. Nguchiro ana mdomo mmoja tu, kwa hiyo hubeba mtoto mmoja mmoja. Akampeleka wa kwanza, akarudi. Akampeleka wa pili, akarudi. Aliporudi kumchukua wa tatu, mwewe alikuwa ameshashuka mlangoni. Pwaa! Akaenda naye juu.

Na yule chatu? Chatu alikuwa kamba. Kamba ya mkata kuni, imedondoka njiani ikajikunja kwenye majani.

Basi tangu siku hiyo Revati akawa haamini macho yake, haamini masikio, haamini hata miguu yake mwenyewe. Akilala anamwona mwewe. Akiamka anaiona kamba.

Asubuhi moja ya kiangazi akatoa kichwa shimoni. Akatazama juu. Kule mlimani kulikuwa na moshi. Fu, fu, fu, unapanda.

Revati akarudi ndani. Akatoka. Akarudi ndani. Akatoka tena. Moyo unasema hama. Moyo uleule unasema ulihama juzi ukapata nini? Ule ni moto, au ni kamba nyingine? Nikikaa na moto ukaja, wataungua wote wanne. Nikihama na moto haupo, mwewe atachukua mmoja bure, tena kwa miguu yangu mimi. Nihame? Nisihame? Akazunguka mpaka akapata kizunguzungu.

Mwisho akasema, "Wapo wenye elimu. Nitawauliza wao."

Ni kweli walikuwepo. Katika msitu ule palikuwa na jabali pana, na juu ya jabali walikaa wanyama waliosoma. Walikuwa wamekwenda mbali, kila mmoja kwa walimu wake, wakarudi kila mmoja na njia yake ya kuijua dunia. Siwataji wote, mtasinzia. Nawataja wale waliokuwepo siku hiyo.

Na walikuwa na desturi yao. Wewe Fakii, acha kumfinya mwenzio, hii desturi ndiyo hadithi yenyewe. Desturi ilikuwa hivi: huruhusiwi kumpinga mwenzako mpaka kwanza uyaseme maneno yake. Uyaseme vizuri, kama yeye, ikiwezekana kumshinda yeye, mpaka mwenyewe aitikie, "Ndivyo." Akiitikia ndivyo, hapo sasa mpinge. Asipoitikia, rudia. Desturi nzuri sana hiyo. Sisi hapa mtu hajamaliza kufungua mdomo, ameshajibiwa.

Revati akafika, anatweta. "Shikamooni, wakubwa."

"Marahaba," akajibu Kasuku. Kasuku ndiye aliyekuwa mwenyekiti, mtunza desturi, maana kifuani mwake alikuwa na maneno yote ya wahenga na hakuwahi kuangusha hata moja. "Sema shida yako, mama."

"Naona moshi mlimani. Juzi nilihama nikimkimbia chatu, kumbe ni kamba, na mwewe akanichukulia mtoto mmoja. Nina watoto wanne hawajafungua macho. Nataka kujua neno moja tu. Moto upo au haupo? Ukiwepo nihame, usipokuwepo nikae."

"Swali jepesi," akasema Mbweha.

Mbweha alisoma njia iitwayo Nyaya, njia ya hoja. Hakusema kitu bila sababu, na sababu yenyewe aliipanga hatua tano, hana nne, hana sita. Akasimama, akasafisha koo. "Moja, mlimani kuna moto. Mbili, kwa sababu kuna moshi. Tatu, penye moshi pana moto, mfano ni jikoni. Nne, na pale mlimani pana moshi. Tano, kwa hiyo mlimani kuna moto."

Revati akapumua. "Ahsante, Bwana Mbweha. Basi nahama."

"Ngoja kwanza, mama," ikasema sauti kutoka kwenye mti wa zambarau. Alikuwa Tumbili, mashavu yote mawili yamejaa. Njia yake iliitwa Charvaka, njia ya wasiokubali kitu mpaka wakione. "Mbweha, moto umeuona?"

"Nimeona moshi."

"Moshi sikukuuliza. Mimi nina macho mawili, nayaamini yote mawili. Nisichokiona hakipo, mpaka kije chenyewe. Mama, keti, kula zambarau."

Revati, aliyekuwa ameshageuka, akageuka tena. Si ni kweli? Yule chatu naye nani alimwona?

Kasuku akapiga mbawa. "Desturi. Mbweha, kabla hujampinga, sema maneno yake."

Mbweha akainamisha kichwa, akafikiri. Akaanza pole pole. "Tumbili anasema hivi. Wewe Mbweha umeona jikoni, moshi na moto pamoja. Umeona jiko moja, umeona mia. Lakini moshi wote wa dunia umeuona? Moshi wa kesho umeuona? Hujauona. Sasa umejuaje kwamba hakuna hata siku moja moshi utakaotoka bila moto? Unadhani tu. Na kudhani si kujua."

Tumbili akaacha kutafuna. "Ndivyo. Tena mimi sijawahi kusema vizuri hivyo."

"Haya, sasa mpinge," akasema Kasuku.

Mbweha akafungua mdomo. Akaufunga. Akakaa chini. "Kweli, lakini," akasema taratibu, "moshi wote wa dunia, nani ameuona?"

Revati akamtazama. "Bwana Mbweha?"

Mbweha alikuwa anatazama kucha zake.

"Zamu yangu," akasema Tumbili kwa furaha. "Nami niseme ya Mbweha, ndiyo desturi. Mbweha anasema hivi. Wewe Tumbili unajisifu kwamba huamini usichokiona. Mbona shavu la kushoto umeweka akiba? Ya nini? Ya njaa ya jioni. Njaa ya jioni umeiona? Hujaiona. Unajua itakuja, kwa sababu jana ilikuja na juzi ilikuja. Basi kila siku unatumia hoja, ila hujui kama unaitumia."

"Ndivyo," akasema Mbweha, sauti ya huzuni.

Tumbili akatoa zambarau shavuni. Akaishika. Akaigeuza, akaitazama huku na huku. "Lo," akasema. "Kumbe miaka yote hii naamini nisichokiona."

"Basi moto upo," akasema Tumbili.

"Haupo," akasema Mbweha. "Au tuseme, sijauona."

Revati akahisi jabali linayumba. "Jamani. Si wewe uliyesema upo? Na wewe si ndiye uliyesema haupo?"

"Yule nilikuwa mimi wa mwanzo, mama," akasema Mbweha.

Kasuku akasema, "Kwa kuwa wamebadilishana, desturi inatutaka tuanze upya. Mbweha, sema maneno ya Tumbili, ambayo ni yako."

Tazameni huko juu mlimani sasa. Moshi ulikuwa uzi. Sasa umekuwa shuka.

"Wakubwa zangu," akasema Revati, "mimi sina muda. Hakuna mwingine wa kuniambia?"

Akasogea Tausi. Chwa, chwa, chwa. Kabla hajaweka mguu alifagia kwanza mahali pa kuuweka, kwa mkia wake, asije akakanyaga sisimizi. Hao ndio watu wa njia ya Jaina, hawaui hata kidudu, na neno moja hawalikubali mpaka wamelizunguka pande zote. "Mama, usikasirike. Kwa upande mmoja, moto upo. Kwa upande mwingine, haupo. Kwa upande mwingine, upo na pia haupo. Kwa upande mwingine, haisemeki."

"Na mwewe je?"

"Kwa upande wa mwewe, mwanao ni chakula. Kwa upande wako, ni mwana. Na wote wawili mmesema kweli."

Revati akalia. Hakukusudia, machozi yalitoka tu. Tausi akaona haya, akashusha mkia, maana hakusema kwa ubaya. Ndivyo alivyofundishwa.

Ndovu akanyoosha mkonga, akamgusa mgongoni. Ndovu alikuwa mkubwa kuliko wote na mpole kuliko wote. Yeye alifuata njia ya Vedanta. "Usilie, mwanangu. Juzi uliona chatu. Alikuwa chatu?"

"Alikuwa kamba."

"Naam. Macho yalivisha kamba nguo ya chatu. Na dunia yote iko hivyo. Unaona moto, unaona mtoto, unaona mwewe, unaona Ndovu. Wingi huo ni kiini macho. Chini yake kipo Kimoja tu, hakizaliwi, hakiungui. Moto na mtoto ni kitu kimoja."

Revati akayasikia maneno yale, na yalikuwa matamu, akatamani kuyalalia. Lakini akauliza, "Mwanangu wa tano alikufa kwa kamba. Na kufa kwake kulikuwa kiini macho?"

Masikio ya Ndovu yakapepea mara moja, mara mbili. "Hilo swali," akasema, "hata mwalimu wangu alipoulizwa alitazama pembeni."

Kasuku akaona kikao kinamponyoka. "Ninyi nyote mnabishana kama kitu kipo au hakipo. Sisi watu wa Mimamsa hatuulizi hivyo. Tunauliza, imeamriwa tufanye nini? Wahenga walikwisha sema. Kuhama hufanywa asubuhi, baada ya kuoga, ukielekea mashariki."

"Mashariki ndiko kwenye moshi," akasema Revati.

Kasuku akageuza shingo akatazama mashariki. Akageuza tena. "Wahenga hawakutaja moshi," akasema.

Alibaki mmoja. Pembeni pale palikuwa na kitu Revati alichodhani ni jiwe. Akakigonga, ko, ko, ko. Kilikuwa Kobe, wa njia ya Yoga, ameingiza miguu, ameingiza mkia, ameingiza kichwa, anatuliza akili isitikisike. "Mzee Kobe, nisaidie." Kimya. Ko, ko, ko. Kimya.

Basi Revati akafika mwisho wa akili yake. Alikuja na swali moja, sasa ana kumi. Kila aliyesema alisema kweli, na kweli zote zikiwekwa pamoja hazimtoi mtoto shimoni. Akageuka aondoke, hajui anakwenda kuhama au anakwenda kukaa nao wafe wote.

"Samahani, mama," akasema Kasuku. "Aliyeleta swali haondoki mpaka aseme maneno ya kila mmoja, kila mmoja aitikie. Ndiyo heshima ya jabali."

Mngekuwa ninyi mngemnyonyoa. Revati naye alitaka. Pumzi zikampanda juu juu, maneno yote yakamchanganyikia kichwani, moshi, jikoni, zambarau, kamba, mashariki. Hapo ndipo kichwa cha Kobe kilipotoka, kidogo tu. Kobe akasema neno moja.

"Pumua."

Kichwa kikarudi ndani.

Revati akavuta pumzi. Akaishusha. Akavuta. Akaishusha. Mara ya tatu, ile akili iliyokuwa inazunguka ikakaa chini.

Akasema. "Mbweha anasema moshi hautoshi, mpaka moto uonekane."

"Ndivyo," akasema Mbweha.

"Tumbili anasema moshi unatosha, kama njaa ya jioni."

"Ndivyo."

"Tausi anasema upo na haupo, inategemea umesimama wapi."

"Ndivyo, kwa upande mmoja," akasema Tausi.

"Ndovu anasema moto na wanangu ni kitu kimoja. Kasuku anasema tusiulize kilichopo, tuulize la kufanya. Kobe anasema pumua."

"Ndivyo," akasema Ndovu. "Ndivyo," akasema Kasuku. Kutoka ndani ya gamba ikasikika, "Mm."

"Sasa desturi inaniruhusu kupinga?"

"Inakuruhusu," akasema Kasuku.

"Simpingi hata mmoja wenu. Najipinga mimi. Tangu asubuhi nauliza, moto upo au haupo? Swali langu lilikuwa bovu. Kwani kwa nini naogopa kuhama? Kwa sababu ya mwewe. Kwa nini mwewe? Kwa sababu nabeba mmoja mmoja, nawaacha wengine peke yao. Lakini hapa mmekaa sita. Tukibeba wote kwa mara moja, mwewe hapati kitu. Moto ukiwepo, tumeokoka. Moto usipokuwepo, tumetembea tu mpaka mtoni tukanywa maji. Sina tena haja ya kujua kama upo. Nina haja ya mikono."

Akawatazama mmoja mmoja.

"Na wapo wanne hamjasikia maneno yao, maana hawajui kusema. Nayasema mimi kwa niaba yao. Wanasema, mama, hatuoni. Mama, hatuwezi kutembea. Mama, njoo."

Mbweha akasema, "Ndivyo." Tumbili akasema, "Ndivyo." Wakaitikia wote, hata Kobe, tena kwa kichwa kilichotoka nje. Tangu jabali lile liwe jabali, hawakuwahi kuitikia pamoja.

Wakashuka. Kwata kwata kwata, chwa chwa chwa, ndo ndo ndo. Wakafika shimoni. Revati akamtoa mtoto wa kwanza, akampa Tumbili, mwenye mikono. Akamtoa wa pili, akampa Ndovu, akamzungushia ncha ya mkonga. Wa tatu akamtia ndani ya gamba la Kobe, shingoni, na Ndovu akamwinua Kobe akamweka mgongoni. Wa nne akambeba mwenyewe kinywani. Tausi akakunjua mkia wote, akawafunika juu kama mwavuli. Kasuku akaruka kulinda anga. Mbweha akaambiwa atangulie mbele kuonyesha njia, bila mzigo. Msiniulize kwa nini. Mnajua mbweha hula nini, na Revati alijua, na Mbweha mwenyewe, kwa kuwa ni mtu wa hoja, hakulalamika.

Mwewe alikuja. Alizunguka mara moja, akaona mkia wa macho mia, akamsikia Kasuku akimsomea maneno ya wahenga yote tangu mwanzo kwa sauti kali. Akaenda zake.

Njiani wakakutana na Kinyonga anapanda. Huyo ni mfuasi wa Buddha, alitoka kwake siku tatu nyuma kuja kikaoni. "Mnakwenda wapi? Nimekuja kuwaambia hakuna kitu kinachodumu."

"Kikao chenyewe hakikudumu," akasema Tumbili. "Panda."

Kinyonga akapanda juu ya Ndovu, akawa rangi ya Ndovu.

Wakauvuka mto, Ndovu akiwa wa mwisho. Na wakati Revati anamlaza mtoto wa nne mchangani, nyuma yao msitu ukalia. Papatu, papatu, shwaaa. Revati akageuka. Ndovu alikuwa amesimama katikati ya mto, maji tumboni, mkonga ameunyanyua juu kabisa, juu kuliko kichwa, na mtoto yuko kwenye ncha yake, analala. Yule aliyesema moto na mtoto ni kitu kimoja ndiye aliyemweka mtoto mbali na moto kuliko wote. Revati aliliona hilo, na tangu siku hiyo alimpenda Ndovu, kichwa chake na maneno yake yote.

Kesho yake Tumbili akaenda kuchungulia, akarudi miguu myeusi. "Shimo limejaa majivu. Penye majivu palikuwa na moto. Hatua tano, nikuhesabieni?"

"Umeona majivu," akasema Mbweha. "Moto umeuona?"

Mpaka leo wanabishana. Revati hakuwasikiliza. Alikuwa anahesabu watoto. Mmoja, wawili, watatu, wanne. Akimaliza anaanza tena, na kila akimaliza wako wanne.

Maana ya hadithi hii, watoto, nanyi wakubwa mliojifanya hamsikilizi: elimu ni njema, na kuyasema maneno ya mwenzako kabla hujampinga ni adabu kuliko zote. Lakini anayekuja kwako na moto nyuma yake, usimpe jibu, mpe mkono. Na mtu usimpime kwa hoja zake, mpime kwa alichobeba siku ya moto.

Hadithi yangu imeishia hapo, mtoni, ng'ambo ya pili. Mwenye la kunipinga aseme kwanza maneno yangu yote, nami nikiitikia ndivyo, tutabishana kesho.